Mafundi wa stima na hii AI: nibaki na spana ama nikimbilie data?

KijanaWaTransfoma

Wadau habari zenu. Naomba mnijibu bila kunibembeleza juu niko na uamuzi wa kufanya kabla mwezi ujao uishe.

Niko na miaka 27, nakaa Umoja, nilifanya diploma ya umeme pale chuo cha Kabete halafu nikaingia kwa kontrakta mmoja hapa Industrial Area, jina sitataja. Tunashughulika na transfoma, za viwanda na zile kubwa za sabstesheni, vile vituo vya kupoza stima. Huu ni mwaka wangu wa nne na kazi yangu ni kuangalia afya ya transfoma. Tunazunguka na pikapu mimi na mwenzangu, tunasoma joto ya mafuta, tunaangalia kama silika geli, zile punje za kunyonya unyevu, imegeuka rangi, tunasikiza mlio, unajua transfoma iko na vile inanguruma kawaida na ukiizoea unasikia tu leo kuna kitu, halafu ile kazi yenyewe ni kutoa sampuli ya mafuta. Kama hujawahi ona: unafungua valvu ya chini, unaacha mafuta ya kwanza yamwagike kwa ndoo juu hayo yamelala kwa bomba na ni machafu, unasuuza sindano ya kioo mara mbili na mafuta yenyewe, ndio sasa unavuta. Polepole. Mpaka kidole gumba kinaanza kutetemeka, juu ukiingiza hata kapovu kamoja ka hewa umeharibu. Inapelekwa maabara wanapima gesi zilizoyeyuka ndani. Asetilini ikitokea ujue kuna cheche zinaruka mahali, ethilini ikipanda sana ujue kuna chuma inachomeka, ukiona kaboni monoksidi nayo inapanda ujue karatasi ya kwa koili imeanza kuumia. Mwaka wa kwanza nilikuwa nabeba tu sindano. Sahii ukinipea karatasi ya majibu nakwambia hiyo transfoma inaumwa wapi, si kila mara lakini mara nyingi.

Sasa mteja wetu mmoja mkubwa amefunga vifaa hapo hapo kwa transfoma, vinasoma gesi kila saa, vinatuma kwa programu ya AI na hiyo programu inalinganisha na transfoma zingine nyingi sana za nje halafu inasema hii iko sawa, hii iko na shida. Mwezi wa tatu ikaita. Ratiba yetu ya sampuli hapo ilikuwa Juni. Wakazima, wakafungua, wakapata kontakti moja ya tepu chenja, ile sehemu ya kubadilisha volti, imelegea na imechomeka nyeusi tititi. Kumaanisha mashine ilikuwa sawa, na sisi tungefika Juni pengine tukute moshi. Hiyo siezi kubishana nayo, niliiona na macho.

Baada ya hapo tulikuwa 9 kwa timu, watu 4 kontrakti yao haikuongezwa. Yangu inaisha mwisho wa mwezi ujao. Binamu yangu anafanya data ananiambia nitupe spana nichukue kozi ya miezi 6, ni pesa karibu yote nimeweka akiba. Mamangu anasema mtu mwenye kazi ya mkono halali njaa. Nyinyi mlio ndani ya hii sekta mnaona aje? Kazi yetu iko na miaka mingapi?

Mzee_wa_Relei

Kijana wangu, salamu. Mimi nimestaafu, nilifanya miaka 35 kwenye relei, vile vifaa vinavyoamuru breka ikate stima kukiwa na hitilafu, na nilianza 1984 kwa hiyo haya mambo ya mashine kuja kuchukua kazi nimeyaona mara mbili kabla ya yako.

Relei zetu za zamani zilikuwa na sahani ya aluminiamu inayozunguka ndani ya kisanduku chenye kioo. Mkondo ukizidi, sahani inaanza kujizungusha, ukizidi sana inazunguka mbio, inagusa kontakti, breka inakata. Siku ya kupima naingiza mkondo mara mbili ya kiwango kilichowekwa, nimeshika saa mkononi, nahesabu. Ikiwa imewekwa kwenye 1 kamili lazima iguse kwa sekunde 10. Nikiingiza mara kumi, sekunde 3. Ikichelewa najua kuna vumbi, ama sumaku imevuta kijipande cha chuma, basi napuliza na kipira, nasafisha kontakti na faili nyembamba kama ukucha, napima tena. Relei moja inaweza kula asubuhi nzima.

Zilipokuja za kompyuta wenzangu wengi walisema ndio mwisho wetu. Relei moja mpya ilifanya kazi ya zile sita zilizokuwa ukutani, inajipima yenyewe, inakuandikia hitilafu imetokea saa ngapi na dakika ngapi. Lakini nilipofungua ile programu yake kwa mara ya kwanza nikakuta nini? Ile kurva yangu, mchoro wa mkondo na sekunde. Mara mbili, sekunde 10. Mara kumi, sekunde 3. Walichukua sahani wakaiweka ndani ya chipu. Mtu aliyekuwa anajua kwa nini ni sekunde 10, kwa nini breka ya chini lazima ikate kabla ya breka ya juu ili usizime mtaa mzima kwa kosa la nyumba moja, huyo alihitajika zaidi kuliko zamani, maana sasa kosa moja la kuandika namba linaingia kwa relei 40 kwa siku moja.

Wale ambao sitakuficha, walienda, ni waangalizi wa zamu. Sabstesheni kubwa ilikuwa na watu wanaishi hapo hapo na familia zao, kila saa anatoka na tochi anasoma volti na ampia anaandika kwa kitabu. Skada, mfumo wa kompyuta wa kusimamia sabstesheni, ikaja ikasoma kutoka mbali, kitabu kikafungwa. Nawakumbuka vizuri. Wengine kati yao walikuwa wanauliza kwa nini ampia zinapanda saa moja usiku na upande huu zinapanda zaidi ya ule, hao walichukuliwa kwenye relei na kontrolu. Aliyekuwa anaandika tu namba akafunga kitabu akaenda, alienda kweli.

Wewe unasoma gesi ukajua inaumwa wapi. Usijiweke kwenye kundi la kitabu.

mkweli_wa_D

Mzee heshima yako, sikukosei, lakini mnampea kijana moyo na yeye ameomba asibembelezwe.

Kaka yangu mkubwa alikuwa anasoma mita. Dandora mpaka Kariobangi kwa miguu, alijua kila geti na kila mbwa, alijua nyumba gani wameruka mita juu alikuwa anaona friji mbili na bili ya mtu mwenye balbu moja. Hiyo ni akili, si kuandika tu. Mita za tokeni zikakuja. Hakuna mtu alimuuliza anajua nini. Hata AI haikuhitajika, ilikuwa tu namba 20 unabonyeza kwa ukuta na kazi ya watu wengi ikaisha. Sahii anauza spea za pikipiki.

Kitu mnasahau ni hesabu. Mzee anasema wale wanauliza kwa nini walichukuliwa. Sawa, wangapi? Timu ya kijana ilikuwa watu 9, imebaki 5, na hao 5 wote wanajua gesi. Kampuni haiwezi lipa watu 9 wenye wanajua kwa nini kama 3 wanatosha na mashine inafanya ile ingine. Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti 2023 wakasema hii AI ya kuandika inagusa sana kazi za ukarani kuliko zote. Watu wa stima wakasoma wakasema hiyo si sisi. Lakini angalia siku yako vizuri ndugu yangu, masaa mangapi uko na spana na masaa mangapi unajaza fomu, unasoma geji, unaandika ripoti? Kusoma geji na kuandika ripoti ni ukarani hata kama umevaa helmeti.

Na ingine. Wale 4 waliachwa, waliachwa juu ya mashine ama juu walikuwa na kontrakti za miezi mitatu mitatu zenye ni rahisi kuacha? Mimi naona mashine inakuja mahali mtu tayari hana nguvu ya kuuliza.

Dada_wa_Zamu

Nimesoma yote na naona mkweli amesema ukweli kuhusu hesabu na mzee amesema ukweli kuhusu kurva, sasa mimi niongeze upande wangu.

Naingia zamu, sitasema wapi, upande wa kupanga mzigo. Yaani kila siku lazima mtu akisie kesho nchi itatumia stima ngapi kila nusu saa na itatoka wapi. Mahitaji ya juu ya nchi yamepita megawati 2,300 na upepo wa Turkana peke yake ni megawati 310, mitambo 365 pale Loiyangalani, stima inatembea zaidi ya kilomita 400 mpaka Suswa ndio itufikie. Na ule upepo unapenda kuvuma usiku, wakati nyinyi mmelala na mahitaji yameshuka. Ukianguka ghafla lazima kitu kingine kipande saa hiyo hiyo, na mvuke wa ardhini wa Olkaria haupendi kupandishwa na kushushwa kila saa, kwa hiyo unaangalia mabwawa ya Tana, Gitaru, Kamburu, Kiambere, maji yako wapi, nani anaweza kupanda haraka.

Zamani haya makisio ni ya mikono na jedwali na uzoefu. Siku hizi programu inakisia, na kwa siku za kawaida inatushinda, nakubali wazi. Inatushinda Jumanne ya kawaida. Mahali inaniangusha ni siku ambayo haifanani na zingine. Maandamano, watu hawakuenda kazini, viwanda vimefunga nusu siku. Sikukuu imetangazwa jioni. Mvua kubwa imezima laini mtaa mzima kwa hivyo mzigo umeshuka, programu inaona mzigo umeshuka inadhani watu wameacha kupika. Hapo mtu lazima aseme hapana, najua kinachoendelea, nimepita hapo asubuhi na matatu.

Na kuna hii stori inanikosesha raha kila nikiifikiria. Agosti 14, 2003 huko Marekani, jimbo la Ohio, programu ya kengele kwa chumba cha kontrolu iliganda mchana. Haikutoa sauti ya kusema imekufa. Ilinyamaza tu. Waliokuwa zamu wakaona skrini imetulia wakajua mambo iko sawa, na nje laini zinashuka kwa joto na mzigo zinagusa miti, moja, ingine, ingine. Watu wanapiga simu kutoka nje kusema kuna shida na ndani skrini inasema hakuna. Mpaka jioni watu karibu milioni 50, Marekani na Canada, wako gizani. Mimi nikiwa zamu na kengele zikikaa kimya sana, napiga simu sabstesheni moja nasikia sauti ya mtu. Si lazima, lakini napiga.

KijanaWaTransfoma, sikiza, hofu yangu kwako si hii kontrakti. Wewe ulianza kwa kubeba sindano. Miaka minne ya kubeba sindano ndio ilikufanya ukasoma gesi. Sasa kama mashine inatoa sampuli, yule atakayemaliza Kabete mwaka huu ataanzia wapi? Atapewa skrini imeandikwa nyekundu na kijani, na hajawahi kusikia transfoma ikinguruma vibaya. Miaka 15 ijayo nyinyi mkichoka, nani atajua kama skrini inadanganya? Hili jambo hakuna mtu naona akilipanga, si kwa kampuni si kwa vyuo, na linaniuma kwa sababu hata sisi kwa kontrolu tuko na vijana wameingia hawajawahi kufanya makisio kwa mkono hata siku moja.

mvuke_nax

Mimi niko upande wa mvuke huku Naivasha, nitaandika fupi niko zamu.

Vifaa vya kusoma vinakufa. Mvuke wa huku uko na ile gesi ya salfa, harufu ya mayai mabovu, inakula shaba kama mchwa. Kadi ya elektroniki ambayo kwao Ulaya inakaa miaka 10 huku unafungua boksi unapata kontakti zimegeuka nyeusi. Madini ya silika nayo yanagandamana ndani ya bomba za maji moto kama plasta. So mashine inaita shida kwa pampu, unaenda, pampu iko sawa, kumbe ni senza yenyewe imeoza. Nusu ya kazi yangu siku hizi ni kuamua nani mgonjwa, mtambo ama senza. Hiyo kazi haikuwa hapo wakati nikianza.

Na msisahau hizo kompyuta za AI zenyewe zinakula stima mchana na usiku. 2024 Microsoft na G42, kampuni ya Abu Dhabi, walitangaza wanataka kujenga kituo cha data huku huku Olkaria kitumie mvuke, dola bilioni moja. Kikijengwa leo ama baadaye, kila kituo kama hicho ni transfoma, breka, betri, na mtu wa kuziangalia. Na transfoma kubwa sahii ukiagiza nje unangoja zaidi ya mwaka, kwa hivyo zile ziko zitatunzwa kama yai.

SolaGithurai

Buda mimi ni wa sola, leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati, niko nayo, nafunga Githurai, Ruiru, mpaka Kitengela. AI naitumia kila siku na sina aibu. Napiga picha ya paa, naandika vifaa vya nyumba, inanipangia paneli ngapi, betri ngapi, waya saizi gani. Kazi ya jioni mbili inakuwa ya dakika 20. Nakagua tu, juu mara moja ilinipangia paneli ziangalie kaskazini mashariki na huko kuna gorofa ya jirani orofa 5, haikujua.

Lakini wacha niwaambie ya wiki mbili zimepita. Mama mmoja Ruiru, inveta yake ya kisasa, kile kifaa cha kugeuza stima ya sola itumike nyumbani, iko na hiyo AI ya kutafuta makosa, inamtumia ujumbe kwa simu ati paneli za laini ya pili zimechoka, zibadilishwe. Paneli nne. Alikuwa ashaanza kutafuta pesa. Nikamwambia mama ngoja nipande. Saa saba mchana, mabati yanachoma mpaka kwa soli. Nikapima volti ya laini iko sawa, nikaweka klampu ya kupima mkondo, ampia ni nusu na zinachezacheza. Nikafuata waya na mkono pole pole mpaka mahali inapita chini ya mabati, kiunganishi kimoja nikikigusa ni moto kuliko vingine. Nikakifungua. Plastiki imeyeyuka ndani, fundi wa kwanza hakubana ile pini na kifaa chake, alibana na plaisi. Kitu cha shilingi mia mbili hivi. Ingekaa miezi ingine ingechoma hiyo nyumba na watoto ndani. Na programu ilikuwa imeona ukweli kabisa, laini ya pili iko dhaifu, ni kweli. Ila kutoka dhaifu mpaka pini haijabanwa kuna ngazi na jua na mkono.

Kijana usiuze spana. Kuna mafundi wengi wabaya huko nje na watu wanaumia.

mkweli_wa_D

Sola ni sawa kaka lakini kila mtu wa stima akikimbilia paa, bei itashuka mpaka mtapanda bure. Tayari kuna watu wanafunga bila leseni kwa nusu ya bei yako.

SolaGithurai

Hiyo ni kweli na inaniuma. Ndio nasema wanahitaji watu wa kurekebisha.

KijanaWaTransfoma

Nimesoma kila kitu mara mbili, asanteni sana, hata mkweli, hasa mkweli. Nilihesabu siku yangu vile alisema. Kwa masaa 9, masaa kama 4 ni kuendesha gari na kujaza fomu, 2 na nusu kusoma geji, zingine ndio mkono. Ilinishtua.

Lakini kuna kitu sikuandika mwanzo juu sikuona kama ni kikubwa, stori ya Dada imenikumbusha. Ile siku ya mwezi wa tatu mashine ikiita, ilikuwa Alhamisi usiku. Ilisema tu hatari, rangi nyekundu. Yule msimamizi wa kiwanda akanipigia simu mimi saa nne usiku, juu alikuwa na oda ya kumaliza na anataka kujua kama anaeza subiri mpaka Jumapili ama azime sasa hivi. Programu haikuwa na jibu ya hiyo. Kampuni ya programu iko nje, simu haishikwi. Mimi niko na kitabu changu, daftari tu ya kawaida, nimeandika gesi za hiyo transfoma tangu nianze, na joto, na mzigo wa hiyo siku. Nikaangalia. Ethilini ilikuwa imeanza kupanda pole pole kutoka sampuli ya mwaka jana, ila asetilini haikuwa imetokea, hata kwa namba za usiku huo hakukuwa na kitu. Kumaanisha ni joto, si cheche bado. Nikamwambia shusha mzigo nusu, angalia joto na gesi kila saa, na asetilini ikitokea hata kidogo zima hapo hapo usiniulize. Alishusha. Joto ikashuka. Jumapili wakafungua.

Sikulala hizo siku tatu. Nilikuwa naomba Mungu. Sijui kama nilikuwa sawa ama ilikuwa bahati.

Mzee_wa_Relei

Ulikuwa sawa. Mimi ningemwambia hivyo hivyo, na ningekosa usingizi pia. Mtu asiyekosa usingizi kwa uamuzi kama huo sitaki aguse transfoma yangu.

Sasa nisikilize. Mkweli ana haki kuhusu hesabu, mtakuwa wachache. Kwa hiyo usibaki pale mwenye sindano anapobaki. Kuna kitu kimoja kwenye kazi yetu ambacho hakijahama tangu nilipoanza, nacho ni karatasi ya ruhusa ya kufanya kazi. Kabla mtu hajagusa, kuna mtu anasaini kwamba breka imefunguliwa, imefungwa kwa kufuli, laini imepimwa haina stima, imeunganishwa na ardhi. Anaandika jina lake. Mtu akifa, wanaanza na hilo jina. Soma mpaka uwe wa kusaini. Muulize mwajiri wako, kabla ya kutia saini kontrakti nyingine, ni nani anaidhinishwa na inachukua nini.

Desemba 2015 kule Ukrainia wadukuzi waliingia kwa kompyuta za umeme wakafungua breka kutoka mbali, wafanyakazi wanaona kishale kinatembea kwa skrini bila mkono wao. Wateja kama 225,000 wakakosa stima. Ilirudi baada ya masaa machache kwa sababu walikuwa na watu wa kupanda gari usiku, kwenda sabstesheni, na kufunga breka kwa mkono. Hao watu walikuwa bado wapo. Walikuwa hawajaachishwa.

Dada_wa_Zamu

Hiyo daftari yako. Umeelewa uko na nini? Programu yao imefunzwa na transfoma za baridi za huko nje, wewe uko na miaka minne ya transfoma za Industrial Area, vumbi, joto, mzigo wa viwanda vya hapa, stima ikipotea na kurudi. Hiyo haiko mahali pengine.

Usilipe kozi ya miezi 6. Sina ubaya na binamu yako, lakini kozi nyingi za aina hiyo zinakufundisha data ya bei za nyumba za Marekani. Chukua daftari, iandike kwa kompyuta, anza na jedwali la kawaida, halafu jifunze Pythoni, lugha ya kuandika programu, jioni, iko bure kwa mtandao, chora tu ethilini dhidi ya mzigo kwa zile transfoma zako. Ukikwama niandikie inboksi nitakusaidia, natoka zamu saa mbili asubuhi. Kama wewe ni mtu wa gesi mwenye anaweza kuuliza ile programu kwa nini imesema nyekundu, utakaa kwa ile meza ya watu 3 mkweli anasema.

mkweli_wa_D

Hapo kwa kusaini nakubali kabisa. Na bosi akisema uanze kusaini, mwambie mshahara wa mtu wa kusaini, kwa maandishi. Usibebe jina kwa pesa ya sindano.

Pia wale 4 walioachwa, wako wapi? Kama uko na namba zao waambie wasome hii.

KijanaWaTransfoma

Niko nazo, nimewatumia. Mmoja ako Kitengela, SolaGithurai amesema anatafuta mtu wa kumshikia ngazi wiki ijayo, nimewaunganisha.

Binamu nimemwambia pesa siitoi kwanza. Jumatatu nauliza bosi mambo ya idhini ya kusaini. Mzee, naomba swali moja la mwisho, hizo relei za sahani, bado kuna mahali mtu anaeza iona? Kila mtu anazitaja na mimi nimeona tu kwa picha.

Mzee_wa_Relei

Ninayo moja nyumbani, Buruburu, waliitoa ukutani wakaitupa nikaiokota. Bado inazunguka. Njoo Jumamosi saa nne, nitakuazima saa yangu uhesabu mwenyewe zile sekunde 10. Na uje na ile daftari, nataka kuiona ethilini ya mwaka jana ilianza mwezi gani.

KijanaWaTransfoma

Novemba mzee. Nakuja nayo.